Jinsi Kiwavi Mmoja Alivyotafutwa Katika Matuta Sita ya Shemeji Yangu

Sogeeni, enyi mlio na masikio, na hata nyinyi mnaojifanya hamsikii! Acheni sufuria zichemke zenyewe, acheni simu zilie mpaka zichoke, kwa maana nimekuja kuwasimulia kitendo ambacho mashujaa wa kale, waliovuka mito iliyofurika na kuvunja malango ya shaba, wasingekithubutu kamwe, si kwa uoga bali kwa sababu walikuwa na akili timamu. Namsimulia Bwana wa Matuta Sita, Mlinzi wa Kabichi Kumi na Moja, Adui wa Kila Sumu Iuzwayo Dukani, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni mume wa dada yangu. Ewe pumzi, nisaidie nisicheke kabla ya wakati. Nawe ulimi wangu, ambao mama mzazi alishindwa kuufuga, leo una ruhusa.

Kabla hajatwaa jembe, shujaa huyu alikuwa karani wa vibali vya ujenzi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliketi nyuma ya dirisha dogo, kalamu nyekundu mkononi, akirudisha fomu za waja wa Mungu kwa kukosa mhuri, kwa kuzidisha mhuri, kwa kukunjwa mara tatu badala ya mbili. Siku alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, naye akaapa mbele ya keki kwamba umri wake uliobaki atautumia kuwalisha watu mboga zisizo na chembe ya kemikali. Mtu mwingine angetafuta ardhi kando ya mto. Yeye akaenda kuchagua jangwa: mchanga mtupu, upepo usio na adabu, na kisima chenye maji ya chumvichumvi ambayo mbuzi wa wafugaji wanaopita huyaonja, kisha wakainua vichwa na kumkodolea macho mwenye kisima. Nilimuuliza sababu. Akanijibu kwamba jangwani hakuna jirani wa kupiga dawa, kwa hiyo upepo hauwezi kumletea sumu ya mtu. Lilikuwa jibu la maana, na hilo ndilo lililonikera.

Dada yangu alikuwa na duka la ushonaji, na maharusi walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake. Akafunga duka, akaviringisha cherehani katika blanketi, akamfuata mumewe mchangani. Msimu wa kwanza upepo uling'oa neti ya kivuli ukaenda nayo, na mpaka leo haijulikani imetua wapi. Msimu wa pili chumvi ilipanda kutoka ardhini, matuta yakageuka meupe, mchicha ukafa ungali umesimama wima. Msimu wa tatu, baada ya kumwaga samadi ya mbuzi na mboji mpaka mchanga ukaanza kufanana na udongo, na kutandaza mipira yenye vitundu inayodondosha tone moja moja kwenye shina la kila mche, zikatokea kabichi kumi na moja, mistari miwili ya figili na bamia kadhaa zenye huzuni. Kwa mavuno hayo shemeji alitembea kifua mbele kama aliyeteka mji.

Jiko la hospitali ya mji wa karibu lilikuwa tayari kuchukua mboga zake msimu hadi msimu, kwa sharti moja: awe na kibali cha chama cha wakulima wasiotumia kemikali. Oneni basi mambo ya dunia, aliyewanyima watu vibali miaka thelathini na mmoja sasa alikuwa anakililia kimoja. Na dada yangu, aliyevumilia mchanga kwenye shuka, mchanga kwenye chai na mchanga kwenye hotuba za mumewe, alikuwa ameshatamka neno lake. Mkaguzi angekuja Ijumaa na lori la maji, kwa kuwa hakuna gari lingine linalofika huko. Kibali kikitoka, dada abaki. Kisipotoka, apande lori hilohilo arudi mjini kwangu, na cherehani yake, na asirudi tena. Mimi nilikuwa nimewasili kwa lori la Ijumaa iliyotangulia kumsaidia kufunga mizigo. Sitaficha kitu: nilikuja kumchukua. Nyumba yangu ina chumba cha pili, na tangu aondoke sijapata mtu wa kunywa naye chai na kusengenya watu kwa utaratibu.

Sasa shikeni roho zenu, maana adui anaingia. Siku ya Jumanne asubuhi, shujaa akiwa katika doria yake ya kawaida na bakora yake ya kawaida, aliinamisha uso juu ya kabichi ya nne ya tuta la pili, akaona tundu. Akageuza jani. Chini yake walikuwa wamejipanga viwavi wa kijani, wanene, wametulia, wanatafuna kana kwamba wana tiketi. Alipiga ukelele uliotutoa jikoni mimi na dada, tukidhani ni nyoka.

"Enyi watu wa nyumba hii!" alinena, na watu wenyewe tulikuwa wawili, mmoja ameshika mwiko. "Saa imewadia! Adui amevuka mpaka, amepiga kambi ndani ya kabichi zetu, naye anatucheka. Wanyonge wangekimbilia chupa ya sumu. Sisi hatutaikimbilia! Kwa mikono hii, kwa macho haya, jani kwa jani, tutamng'oa mpaka wa mwisho, na Ijumaa mkaguzi atakuta shamba safi kuliko ofisi ya waziri!"

"Umekunywa maji leo?" dada akamuuliza.

"Leteni kibano!"

Ndivyo vilivyoanza vita vya siku tatu. Silaha yake ilikuwa kibano cha nyusi cha dada, ngao yake kofia ya majani, na gereza la mateka kopo la maji ya chumvi. Na hapa ndipo ukarani ulipomtawala mtu mpaka kwenye uboho, kwa kuwa hakutosheka na viwavi. Kule ofisini kwake, mkubwa alipokuwa anakuja kukagua, watu walipiga deki, wakapanga mafaili na kuficha kila kitu chenye dalili ya uhai. Basi akaamuru hivyo hivyo. Vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao majani, walipanguswa kwa kitambaa kibichi. Majani yaliyotobolewa dada aliyakata kwa mkasi wake wa kushonea, akafuata mshipa wa jani kwa ustadi hata usingejua limepunguzwa. Mimi nilipewa figili nizifute vumbi. Alhamisi jioni, na Mungu ni shahidi wangu kwamba sitii chumvi, tulipewa mafagio, tukafagia jangwa. Hatua kumi kila upande wa uzio tulifagia mchanga ukabaki na mistari iliyonyooka, na shujaa akasimama katikati, mikono kiunoni, akatangaza kwamba ndani ya mipaka yake hapana tena mdudu anayevuta pumzi.

Ijumaa lori likaja, likaanza kumwaga maji katika tangi kubwa lililo nyuma ya nyumba. Kazi hiyo huchukua saa moja na robo, kisha dereva hupiga honi na kuondoka, hamngojei mtu, hata awe ndugu yake. Mkaguzi alishuka kwa upande wa pili: mama mfupi, mkavu, mwenye kofia pana, faili kwapani na kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kwa uzi. Alisalimia, akakataa chai, akaingia shambani.

Alikwenda polepole. Aliinua majani, akachungulia chini yake, akasugua udongo kati ya vidole na kuunusa. Nyuma yake shujaa alitembea kwa ncha za vidole, anatabasamu peke yake. Kwenye kabichi ya kumi na moja mkaguzi akasimama.

"Mzee, wadudu wako wapi?"

Laiti mngemwona! Alivuta pumzi mpaka vifungo vikamlalamikia.

"Wamekwisha, mama mkaguzi! Walikuja kwa majeshi, nasi tukawapokea kwa majeshi. Siku tatu hatukulala mchana, mgongo umepinda, macho yamekuwa mekundu, lakini leo hii, katika matuta haya sita, hutamwona mdudu hata mmoja, awe mkubwa, awe mtoto mchanga!"

"Hilo nimeliona. Mliwapiga nini?"

"Kibano."

Mkaguzi aliachia kioo chake kikaning'inia. "Mimi kazi hii naifanya mwaka wa tisa," akasema. "Nimeona mashamba ya watu waaminifu, yote yana matundu, yote yana wadudu. Hapa kabichi kumi na moja, katikati ya jangwa, ndiyo kijani pekee kwa umbali wote huu, na hakuna kiwavi? Hakuna hata kidukari? Mzee wangu, shamba la hivi ninavyolijua mimi limepigwa dawa."

Nilisikia kitu kikipasuka ndani ya kifua changu, kumbe ni kicheko. Nilikimeza. Shujaa alikuwa ametumbua macho, kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi karani anavyoonekana upande wa pili wa dirisha. Kisha uso ukamng'aa. Akakimbia jikoni, akarudi amelikumbatia lile kopo, akalifunua mbele ya pua ya mkaguzi. Ndani walielea viwavi zaidi ya mia, weupe kwa chumvi.

"Ushahidi!" akanguruma.

"Hawa wamekufa," akasema mkaguzi.

"Wote!"

"Mzee, waliokufa ndio wanaonitia wasiwasi."

Akafungua faili akaeleza taratibu, na taratibu zenyewe hazikuwa na huruma. Angekata majani, ayafunge, ayapeleke maabara, na majibu yangerudi baada ya miezi minne. Miezi minne, wapendwa! Kabichi zingekuwa zimeoza, jiko la hospitali limepata mtu mwingine, na dada yangu anakunywa chai kwangu. Moyo wangu ulianza kuchagua rangi ya mapazia ya chumba cha pili.

"Nisikilize," mkaguzi akaongeza, na nadhani alimwonea huruma, maana sauti ilishuka. "Nikimwona mdudu mmoja tu, hai, anakula jani la shamba hili, mimi natia saini sasa hivi. Mmoja. Una muda mpaka lori lijaze tangi."

Ee kalamu za kale, mlioandika jinsi majemadari walivyogeuza farasi katikati ya vita, njooni mwone mgeuko huu! Yule aliyeapa kumfuta kiwavi duniani alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi, akaanza kumtafuta kama mama anayetafuta mwana. Alijiburuta tuta la kwanza. Akafunua majani tuliyoyafuta, akachungulia mashina tuliyoyapangusa. Mchanga uliofagiwa kwa mistari ukavurugwa na tumbo lake.

"Toka, ewe kijana wa kijani!" alimsihi, shavu limegusa udongo. "Nilikutenda vibaya, nakiri. Nilikuwa mwenye kiburi. Jitokeze, na kabichi ya kwanza nakupa yote, na ya pili tutazungumza!"

"Anaongea na nani?" dereva aliniuliza kutoka kwenye tangi.

"Na wadudu."

"Ahaa," akasema dereva, akaendelea kushika mpira wake.

Tuta la pili patupu. La tatu akapiga kelele za ushindi, tukakimbia wote, kumbe ni uzi wa kijani uliodondoka kutoka kwenye gauni la dada. La nne akanyanyua kidole, na juu yake alikuwepo sisimizi.

"Huyu anapita tu," mkaguzi akasema. "Nataka anayekula."

"Atakula! Mpe nafasi!"

Sisimizi alishuka kwa mkono wa pili akaenda zake. Shujaa akaniomba nisaidie. Nilikwenda kwenye figili, nikainama, nikatazama kwa jicho moja, na jicho lenyewe halikuwa na haraka. Semeni mnavyotaka. Nilikuwa nasikia maji yakipanda ndani ya tangi, mlio unazidi kuwa mwembamba, na kila mlio uliponyanyuka nami nilipata nafuu.

Dada alikuwa amesimama kivulini mlangoni, begi miguuni, cherehani kando yake katika blanketi lake. Alimtazama mumewe akitambaa tuta la tano, akatambaa la sita, akarudi la tano tena. Kisha maji yakafurika juu ya tangi, dereva akafunga koki na kupiga honi mara mbili.

Mkaguzi alikata majani matatu, akayatia ndani ya mfuko, akafunga faili.

Basi shujaa akasimama. Ndevu zake zilijaa mchanga, goti moja la suruali limepasuka. Nilijiandaa kwa hotuba, na nilikuwa nimeshatayarisha jibu, jibu kali la kumaliza kazi. Hakuhutubu. Ninamjua mtu huyu mwaka wa ishirini na nne, nimemsikia akihutubia mazishi, mahari, na mara moja foleni ya benki, na sikuwa nimewahi kumwona ananyamaza. Alikuja mpaka mlangoni taratibu, akipangusa viganja kwenye suruali.

"Lete begi, mama," akamwambia dada. "Hilo ni zito. Nikubebee."

Akainama kulishika. Na alipoinama, kola ya shati lake ikafunguka nyuma, na hapo shingoni, kati ya kola na ngozi iliyoungua na jua, alikuwepo kiwavi. Mdogo sana, labda wa jana au juzi, hajafika urefu wa punje ya mchele. Alikuwa ananyanyua kichwa na kukishusha.

Mimi nilimwona, na dada pia alimwona. Shujaa hakujua kitu, mkaguzi alikuwa amegeuza mgongo anaelekea kwenye lori. Dada akainua macho akanitazama mimi. Nami nikamtikisia kichwa. Naam, mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nilimtikisia kichwa polepole, kumwambia: mpanguse, pengine kwa ukucha tu, twende nyumbani. Naona aibu kusema hivyo, lakini aliyeahidi kusimulia hana budi kusimulia yote.

Dada akanyoosha mkono kwenye shingo ya mumewe.

"Usitikisike," akasema.

"Nini tena?"

"Nimesema usitikisike! Mama mkaguzi! Mama mkaguzi, rudi!"

Pigeni matarumbeta, enyi wenye matarumbeta! Kiwavi alichukuliwa kwa ncha ya sindano ya kushonea, akapitishwa mbele ya kioo cha kukuzia, akathibitishwa kuwa hai, akatuliwa juu ya kabichi ya nne kwa heshima ambayo mimi sikupewa siku ya harusi yangu. Lakini hakula. Alilala tu. Tuliinama pale watu watano, pamoja na dereva aliyeacha lori linanguruma, vichwa vyetu vimegusana, na hakuna aliyethubutu kupumua upande wake. Shujaa alikuwa anasogeza midomo bila sauti, na nadhani alikuwa anatafuna ili kumfundisha. Dada alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati, kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe.

Na mimi, ambaye nilikuwa na mapazia tayari kichwani, nikajikuta nasema kimoyomoyo: kula, mjinga wewe, kula.

Akala. Alizungusha kichwa, akapata ukingo wa jani, akauma. Tundu lenyewe lisingepitisha uzi, lakini mkaguzi aliliona, akatoa kalamu, na katika mstari wa fomu uliosema wadudu akaandika: "Yupo mmoja. Ana afya." Kisha akatia saini, akapiga mhuri juu ya goti lake, na shemeji yangu akapokea karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma mara tatu kutafuta kosa, kwa mazoea, akalikosa, akaanza kulia bila kuficha uso.

Nilitamani kumcheka. Nilijaribu. Mdomo ulikataa, na deni hilo namdai shemeji mpaka leo.

Haikupita dakika, bila shaka, kabla sauti haijamrudia, na aliyoyasema kwa yule kiwavi kuhusu amani kati ya mataifa makubwa na madogo sitayarudia, kwa sababu nina staha. Dada alinisindikiza mpaka kwenye lori. Cherehani ilikuwa bado pale mlangoni, lakini mtu alikuwa ameshalifungua blanketi.

"Nilikuona ulivyonitikisia kichwa," akaniambia.

"Najua uliniona. Ungekaa kimya tu, dada. Saa hizi ungekuwa umepanda."

"Nilitaka kukaa kimya."

"Sasa?"

Akanisukumia mlango wa lori, akachungulia dirishani. "Ameangukiwa na kila kitu, na bado anataka kunibebea begi. Ningekwenda nalo wapi begi hilo?"

Dereva akatia gia.

Na iandikwe basi, enyi watunza tarikhi, kwa wino usiofutika, chini ya habari za miji iliyotekwa na falme zilizoanguka: kwamba siku ya Ijumaa, muda mfupi kabla ya adhuhuri, mbele ya mkaguzi mmoja, dereva mmoja, mke mmoja na shemeji mmoja mwenye roho mbaya, kiwavi alikula kabichi ya Bwana wa Matuta Sita, na shamba likasimama. Na iandikwe pia, pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba mtu aliyekuja jangwani kumchukua dada yake alirudi mjini na kabichi mapajani.